Koja la Tumu

Sogeeni, nafasi ipo, na hukumu ya leo ni yenu.

Palikuwa na watu watatu. Bi Mize alijua kusikia jambo kabla halijasemwa. Mwalimu Tekla alikuwa na subira isiyoisha. Na Shekue, mtoto wa miaka mitano, hakujua kuweka kinyongo. Wote watatu walimpenda Tumu, na Tumu alikuwa anang'ata watu.

Alianza mama yake alipojifungua mapacha, naye akapelekwa kukaa kwa bibi yake, Bi Mize. Chekechea nzima ikamwogopa. Wazazi wa watoto wengine walipochoka wakatoa neno moja: aking'ata tena, aondoke shule.

Nyumbani Bi Mize hakumkaripia. Wakichambua mchele, alimuuliza ni kitu gani kinamkaba. Tumu akasema hajui. "Ni wivu, mjukuu wangu, na hasira," bibi akamwambia. "Hata mimi ninavyo. Vikipanda, vitaje kwa jina, usivitafune."

Shuleni Mwalimu Tekla alitandika mkeka mdogo pembeni. Aliyepandwa na hasira alikwenda kukaa hapo mpaka pumzi itulie, na hakuna aliyeruhusiwa kumcheka. Siku za kwanza yeye mwenyewe alikaa hapo na Tumu, madaftari yakimsubiri mezani.

Siku moja Shekue, katika kukimbia, akaipiga teke nyumba ya vizibo vya soda aliyoijenga Tumu asubuhi nzima. Tumu akaudaka mkono wa Shekue, mdomo wazi. Kisha akauachia, akasema, "Nimekasirika," akaenda mkekani. Alijua hakuna atakayecheza naye tena, na hilo lilimuuma kuliko nyumba yenyewe. Ndipo Shekue, aliyekuwa bado na alama ya meno ya Tumu ya mwezi uliopita, akamfuata na vizibo vyote kifuani.

"Tuijenge tena," akasema. "Mlango uweke wewe."

Tumu hakung'ata tena, na shule hakuondoka.

Sasa, siku ya kufunga mwaka, kila mtoto wa chekechea ile huvishwa koja la asumini, akalivua na kumvisha mtu mmoja tu aliyemsaidia kukua. Tumu amesimama na lake mkononi. Bibi ameshainamisha kichwa. Mwalimu anajifanya anapanga viti. Shekue amenyoosha shingo bila haya. Koja haligawanyiki: uzi ukikatwa, maua yote yatamwagika.

Anawapenda wote watatu, na koja ni moja. Je, ungekuwa wewe Tumu, ungemvisha nani?