Gongo la Zimwi

Sogeeni karibu, niwape habari za Mwanamkuu, mjane fundi wa kuchonga, ambaye mumewe aliliwa na zimwi.

Siku moja zimwi lile likamjia likichechemea. "Nichongee gongo la kutembelea, la sivyo nitakula wewe!"

Mwanamkuu akachonga la msufi, mti laini, ili liliangushe zimwi korongoni. Likavunjika palepale mlangoni. Akachonga jingine la msufi, akalipaka masizi lionekane gumu. Nalo likavunjika.

"La tatu likivunjika, nakumeza," zimwi likasema, huku machozi yakililenga.

"Kwani unataka kwenda wapi?"

"Kwetu, nyuma ya milima. Nilivunjika mguu, wenzangu wakaniacha. Nala wa karibu kwa sababu siwezi kufika mbali."

Mwanamkuu akachukua tezo yake ya kuchongea. Kisha akaenda kukata mkwaju, mti mgumu, akachonga taratibu, akalainisha kwa mchanga mahali pa kushikia.

Zimwi likaliegemea gongo, likapiga hatua moja tu, likavuka milima.

Kijiji kizima kilishangilia. Mwanamkuu alimlilia mumewe upya, maana miaka yote ile hakuna aliyewahi kuliuliza zimwi linataka kwenda wapi.

Hapo ndipo ninapoitua hadithi, wenzangu.