Kengele ya Kumfukuza Mtawala

Hadithi hii nimetumiwa na rafiki. Isome taratibu, kisha mpitishie mwenzako.

Katika Urusi ya kale palikuwa na mji uitwao Belogora. Huko mtawala hakuwa na kiti cha kudumu. Mwananchi yeyote aliweza kupiga kengele kubwa ya uwanjani. Watu wakikusanyika na kupaza sauti kumkataa mtawala, alifunga mizigo siku hiyohiyo.

Mwaka mmoja baridi ilikuwa kali mno, kengele ikapasuka. Tverdilo, mkuu wa walinzi, akamkimbilia mtawala Gleb akicheka.

"Bwana wangu, umepona! Sasa watakufukuza kwa kugonga vijiko?"

Gleb hakucheka. Aliagiza vyombo vyote vya shaba vya nyumbani kwake viyeyushwe, itengenezwe kengele mpya.

"Hata masufuria yangu?" mkewe, Yefrosinia, aling'aka.

"Bakiza moja, mke wangu. Tutapikia supu ya kabichi."

Kiangazi kilichofuata mashamba yalikauka. Watu walimtaka Gleb awaongoze kuvamia mji jirani, wapore nafaka. Akakataa. Kesho yake kengele mpya ililia kwa mara ya kwanza, na aliyefukuzwa ni yeye.

Njiani Yefrosinia alipakata sufuria yake iliyobaki.

"Unasikia? Masufuria yangu ndiyo yanayotufukuza."

"Nasikia. Yana sauti nzuri."

Walihamia kijijini wakafuga nyuki, wakaishi vizuri tu. Belogora ikapata mtawala mwingine, naye akawapeleka vitani. Wengi hawakurudi, na nafaka haikupatikana.

Siku moja wazee wa mji walifika kwenye mizinga ya nyuki ya Gleb, vichwa chini.

"Bwana, turudie. Ilikuwa njaa."

"Najua. Mwenye njaa simlaumu. Lakini nina sharti moja, kuhusu kengele."

Mzee mmoja akamkatiza, "Hilo tulishakubaliana njiani, bwana. Tutaivunja leo hii!"

"Mkiivunja, sirudi," alisema Gleb. "Ibaki palepale. Na kamba yake iongezwe urefu, hata mtu mfupi aifikie."

Wazee wakakubali. Yefrosinia alikwisha kuingia ndani. Akatoka na sufuria yake kwapani.

"Twendeni," alisema. "Lakini hii naibeba. Namjua mume wangu, na kengele ile naijua. Sufuria hii tunaweza kuihitaji tena safarini."

Funzo: Kiongozi wa kuaminiwa ni yule anayewaachia watu njia ya kumwambia "ondoka", hata baada ya kuwa wameitumia vibaya.