Nimeonja Tu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaazimana chumvi, njaa iliingia kijijini kwa Pimbi. Pimbi mnamjua: mdogo, hana mkia, lakini macho yake hayalali. Yeye ndiye aliyewapikia wazee uji wa mtama na kuwapelekea hadi mlangoni. Kila asubuhi aliwauliza walikula nini jana, na aliyekula kidogo aliongezewa.

"Shikamoo, babu," alimwambia Mzee Kiboko. "Jana ulikula?"

"Marahaba. Aa, kula? Nimeonja tu, mjukuu wangu! Hamu sina. Uzee huu!"

Pimbi akalitazama tumbo lile. Limejaa ndi! Akaenda nyumba ya pili, kwa Bi Kobe.

"Nilikula nikashiba, mwanangu," akasema Bi Kobe. Lakini sauti ilikuwa ya mgonjwa, na miguu ilimtetemeka. Pimbi akaogopa kweli. Bibi huyu akiendelea hivi, watamzika.

"Bibi, nani alikula uji wako?"

"Mimi! Nani mwingine?" Na jicho lake likakimbilia kwa Kiboko.

Mh! Mimi mtu akiniambia "nimeonja tu," natazama bakuli kwanza. Pimbi naye ni hivyo hivyo.

Asubuhi iliyofuata akaja mbio, mtungi kichwani.

"Uwii! Uwii! Jamani, nimewaua wazee wangu! Uji wa jana uliingia sumu ya panya!"

Majirani wakatoka pamoja na wazee, wakajaa uani. Pimbi akautua mtungi, umejaa maji ya mwarobaini, puu!

"Dawa hii hapa! Aliyeonja tu, hana neno. Aliyekula bakuli moja, anywe kata moja. Aliyekula mabakuli mawili, kata mbili, tena upesi, la sivyo tumbo litapasuka!"

Bi Kobe hakuigusa kata.

"Mpe mwenzangu," akasema polepole. "Mimi hainihusu."

Kiboko alikwisha kuinyakua. Glu! Glu! Glu! Uso ukamkunjamana kwa uchungu wa dawa.

"Babu, si ulionja tu?"

"Ndiyo, nilionja! Lete nyingine!"

"Nyingine ya nini, babu?"

"Ya bakuli la Kobe, mjinga wewe! Unataka nipasuke?"

Kiboko akaziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka na majirani wote wamelisikia.

"Alisema nikimtaja atanikanyaga," Bi Kobe akanong'ona, na machozi yakamtoka.

"Kunywa, babu, kunywa," Pimbi akasema. "Sumu haikuwapo. Mwarobaini ndio wa kweli."

Kisha akampelekea Bi Kobe uji wa moto, akaketi naye mpaka bakuli likaisha. Tangu siku hiyo hakuuliza tena. Alikaa mlangoni na kungoja kila mzee amalize bakuli lake.

Ukitaka kujua mzee amekula nini, usiuulize mdomo. Keti naye akila.

Hadithi yangu naifunikia chungu hapa. Na nyie, leo mmekula, au mmeonja tu?