Kaa Aliyerudisha Rangi za Bi Kidawa

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa mji, mji una mtaro, mtaro haushibi. Niwamwagie?

Mwaga, tumekinga.

Hapo kale, katika mji wa Kitopeni, aliishi Bi Kidawa, msuka mikeka. Alichemsha rangi, akatosa ukindu, akasuka mikeka iliyogombaniwa na mabibi harusi. Maji ya rangi yaliyobaki aliyaweka pipani, akingoja mvua. Ndivyo walivyozoea wote. Mpika sabuni alingoja mvua, mtengeneza ngozi alingoja mvua. Mawingu yakifunga, kila mtu na pipa lake kwenye mtaro ulioshukia pwani. "Mvua itabeba," wakaambiana, wakaingia ndani.

Mvua ya kwanza, Bi Kidawa akamwaga nyekundu. Asubuhi akasikia hodi. Alikuwa Kaa wa pwani, mwekundu magando hadi miguu.

"Bi Kidawa, nimekuletea chako."

"Changu kipi? Mvua imeshabeba."

"Mvua ina mgongo, haina tumbo. Ilichobeba imekitua kwangu."

Bi Kidawa akacheka. "Mbona umependeza. Nenda kaolewe."

Mvua ya pili akamwaga kijani. Kaa akaja kijani, anakokota chaza mfu.

"Bi Kidawa, nimekuletea chako."

Safari hii alijibiwa kwa ufagio.

Mvua ya tatu akamwaga zambarau. Siku hiyo binti yake, Mwanapili, akajifungua mtoto wa kike. Maziwa hayakutoka. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, maskini. Mkunga akasema, "Mpe mzazi supu ya chaza."

Bi Kidawa akashuka pwani na kikapu. Akapasua chaza wa kwanza: mwekundu. Wa pili: kijani. Wa tatu: zambarau. Wote wamekufa, wananuka magadi ya sabuni na ngozi. Rangi zake alizijua. Akakaa kwenye tope akalia.

Kaa akatoka shimoni. "Leo umezifuata mwenyewe."

"Mjukuu wangu ana njaa, Kaa."

"Wangu pia."

Bi Kidawa akaokota kikapu chake kitupu. Akarudi, akampeleka mtoto kwa mke wa mpika sabuni, aliyekuwa ananyonyesha. Kisha akachimba shimo uani mbali na kisima, akalijaza kokoto, mchanga na mkaa, akapanda matete pembeni. Rangi ikawa inamwagwa humo, na mvua ikinyesha pipa linafunikwa. Mpika sabuni naye akachimba. Mtoto yumo kifuani mwa mkewe, angesema nini? Mtengeneza ngozi alinuna kidogo, akachimba wa mwisho.

Mvua zikaja, zikapita. Mwanapili akajifungua tena, wa kiume. Asubuhi, hodi. Kaa, rangi yake ya tope, amebeba chaza aliyefumba kinywa.

"Bi Kidawa, nimekuletea chako."

Bi Kidawa akampasua yule chaza. Mweupe. Akainjika sufuria, na jioni hiyo mtoto alinyonya mpaka akasinzia.

Nimewamwagia, hadithi imekauka. Mjue basi: unachokimwaga mlangoni kwako, kuna mtu kule chini anakipokea. Na wewe uliyekaa nyuma, nimekuona unachungulia mawingu. Nenda kafunike pipa lako.