Shahidi Aliyeombewa Kiti

Kaeni, kina mama. Najua wengine mmeacha ng'ombe hawajapata majani na wengine mna maharage jikoni, kwa hiyo sitakuwa na mengi. Nataka kuwaambia habari ya mama mmoja aliyeitwa kutoa ushahidi. Jina lake tuliache. Mkianza kumtafuta ni nani, hamtanisikia.

Mama huyu alikuwa na jirani mjane. Mjane alikuwa na mabinti watatu, wote wameolewa mbali, na shamba la migomba na kahawa aliloachiwa na mumewe. Upande wa juu alipakana na shemeji yake, mdogo wa marehemu. Kati yao palikuwa na mstari wa masale. Kwa wageni wetu wa kutoka mjini nieleze kidogo: masale ni ile mimea yenye majani marefu ambayo huku tunapanda mpakani. Ukiona masale, unajua shamba la mtu limeishia hapo. Huhitaji karatasi.

Sasa asubuhi moja, kabla jua halijatoka vizuri, huyu mama alikuwa anakwenda kukata majani ya ng'ombe. Akamkuta yule shemeji ameinama kwenye kahawa ya mjane, ana jembe na fungu la vijiti vya masale. Anachomeka kimoja kimoja, anakanyagia udongo kwa kisigino.

"Umeamka mapema, mama," shemeji akasema.

"Hata wewe, baba."

"Napandapanda tu hapa."

"Haya. Kazi njema."

Akapita. Kwa nini alipita? Kwa sababu majani aliyokuwa anakwenda kuyakata yalikuwa kwenye shamba la shemeji huyo huyo, la kule chini. Alikuwa amemruhusu akate bure, miaka minne sasa. Ninyi mnajua majani yanavyopatikana kwa shida kiangazi. Simtetei. Nawaeleza tu ilivyokuwa.

Masale hayana ubishi, ukichomeka yanashika. Mjane aliporudi kutoka kwa binti yake aliyejifungua, miezi miwili baadaye, mpaka wa zamani ulikuwa umeng'olewa na umelimwa juu yake, na mpaka mpya umesimama kama umezaliwa pale. Ulikuwa umesogea hatua kumi na mbili. Si eneo kubwa. Lakini ndani ya hatua hizo kumi na mbili palikuwa na kaburi la mumewe.

Wazee wa ukoo wakakaa, wakashindwana. Kesi ikaenda wilayani, kwenye baraza la ardhi. Shemeji akaweka wakili. Mjane akaenda na Biblia yake na jirani yake.

Huyo jirani akaapa. Ukweli, na ukweli wote. Kwa kuwa mjane hakuwa na wakili, mwenyekiti akamwambia amwongoze mwenyewe shahidi wake. Mjane hajui kuongoza shahidi. Akasema, "Mama mwenzangu, waeleze tu unachokijua."

Swali zuri kuliko lile sijalisikia. Na mama akaeleza. Akasema anamfahamu mjane tangu wote wawili walipoletwa kwa waume zao. Akasema zamani mpaka ulipita nyuma ya kaburi, si mbele yake. Yote kweli. Ile asubuhi ya jembe na vijiti hakuitaja. Alijiambia moyoni kwamba akiulizwa atasema.

Wakili akasimama. Alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Unasema mpaka ulipita nyuma ya kaburi. Kuna alama yoyote nyuma ya kaburi leo?"

"Leo hakuna."

"Baraza likienda pale litakuta nini?"

"Litakuta kahawa."

"Na masale yako wapi?"

"Yako mbele ya kaburi."

"Sasa mama, nakuuliza swali dogo. Ulimwona mteja wangu aking'oa masale yoyote?"

Hakumwona aking'oa. Alimwona akipanda. Mama akavuta pumzi. "Nilichokiona mimi ni kwamba..."

"Samahani, mama. Sikukuuliza ulichokiona. Nimekuuliza kama ulimwona aking'oa. Ndiyo au hapana?"

"Hapana."

"Asante sana. Nimemaliza."

Tusimlaumu wakili. Ile ndiyo kazi yake, amesomea. Anajua lipi la kuuliza na lipi asiliguse, kama sisi tunavyojua sufuria ipi ina moto. Lakini nataka mjue alichosikia yule mama kifuani mwake aliposema hapana. Alisikia nafuu. Alikuwa amepata pa kujificha, na aliyemtengenezea ni mtu mwenye tai.

Mwenyekiti akamgeukia mjane. "Una swali lolote kwa shahidi wako, baada ya hayo?"

Mjane akasimama. Akamtazama jirani yake, akafikiri. "Sina swali, mheshimiwa. Ila amesimama muda mrefu na ana mguu mbaya. Naomba apewe kiti."

Watu wakacheka kidogo. Kiti kikaletwa. Mama akakaa.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Akaweka kalamu chini, akasema, "Shahidi, kabla sijakuruhusu uende. Kuna jambo lolote ungependa baraza lilijue, ambalo hujaulizwa?"

Mlango umefunguliwa wazi. Hakuna wakili anayemkatiza. Shemeji hamkodolei macho, anatazama viatu vyake. Mama amekaa kwenye kiti alichoombewa na mjane.

"Hakuna, mheshimiwa."

Sasa niambieni. Pale alipomjibu wakili, alisema uongo?

Yeye mwenyewe alijiuliza hilo kwenye gari mpaka nyumbani. Alihesabu majibu yake moja moja, akayakuta yote ni kweli isipokuwa lile la mwisho, na lile la mwisho lilikuwa dogo sana.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki sita. Mpaka ni pale yalipo masale, kwa kuwa hakuna aliyethibitisha kwamba yalihamishwa.

Jumamosi iliyofuata mama alikuwa anaosha ndoo za maziwa, akasikia hodi. Alikuwa mjane. Mkononi ameshika jani la sale, amelifunga fundo katikati.

Wageni, hapa pia nieleze. Kwetu jani hilo lina kazi nyingine. Mtu aliyekukosea akitaka umsamehe, anakuja nalo. Na ukiletewa, hukatai. Hata kama amekuulia ng'ombe. Unalipokea, yanaisha.

Mama alipoliona aliiweka ndoo chini. Akadhani mjane amejua, amekuja kumsuta.

"Nimekuja kukuomba radhi," mjane akasema. "Nilikupeleka kule ukaulizwaulizwa na mtoto mdogo mbele ya watu. Kumbe hata hukuwa umeona kitu. Nilikusumbua bure."

"Hukunikosea, mama."

"Nilikukosea. Lipokee."

"Umelitoa wapi hili?"

"Pale pale mpakani. Nilimwomba shemeji kwanza, maana yale si yangu tena. Akaniruhusu. Akaniruhusu na kufagia kaburi, Jumamosi kwa Jumamosi."

Kina mama, huyu ndiye aliyepaswa kutembea na jani. Alipaswa kutoka nyumbani kwake, avuke njia ile ya majani, apige hodi. Badala yake amesimama na mikono ya povu, analetewa. Na alikuwa bado na nafasi. Muda wa rufaa ulikuwa haujapita. Maneno yenyewe ni machache: nilimwona akiyapanda.

Akakausha mikono kwenye kanga. Akalipokea. Akasema, "Yameisha, mama. Karibu chai."

Wakanywa chai.

Mjane aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Alipofariki walimzika kwenye shamba lake, kama inavyostahili, karibu na mumewe kadiri ilivyowezekana. Mume yuko upande wa juu, mke upande wa chini, masale yamepita katikati. Yule mama alipika msibani siku tatu. Kila mtu alimsifu kwa jinsi alivyojitoa.

Nimemaliza habari yake. Sasa sisi.

Sisi hatuna wakili, lakini tumejifunza kujibu kama tunaye. Mume anakuuliza, ulipita kwa fulani? Unasema sikupita, kwa sababu ulisimama getini. Hilo ni la kucheka, chekeni. Lakini binti wa jirani ameacha shule ghafla, haongei, mwalimu anauliza mtaa mzima kama kuna aliyeona lolote. Tunasema hatukuona. Kweli, hatukuona. Tulisikia tu akilia, na tunajua nyumba. Swali halikuwa la kusikia.

Tunakuja hapa tumeshika daftari la dhambi zetu, tunatubu tulichosema. Nani kati yetu ametubu alichoruka? Tunadhani Mungu atatuuliza kama yule kijana mwenye tai, swali dogo dogo, ndiyo au hapana, na sisi tutapenya katikati. Mimi nadhani atauliza kama yule mjane. Waeleze tu unachokijua. Halafu atanyamaza, atusubiri. Hapo ndipo naogopa, kwa sababu hakuna pa kupenya.

Na yule mama? Jani analo mpaka leo, amelichomeka ukutani juu ya mlango wa jikoni. Limekauka, lina rangi ya chai. Hawezi kulirudisha, mwenyewe hayupo. Hawezi kulitupa. Kila asubuhi akitoka kwenda kukata majani anapita chini yake.

Yeye amechelewa. Lakini wengi wetu tunaodaiwa neno, wanaotudai bado wako hai. Wengine wamekaa humu humu, benchi la nyuma, wanatuona wema. Tukimaliza wimbo wa mwisho mtu asiharakishe kwenda kwenye mizigo yake. Kama kuna nyumba ambayo hujapita mbele yake tangu mwaka jana, leo pita njia hiyo. Piga hodi. Ukikaribishwa kiti, usikae kwanza. Sema ukiwa umesimama.

Tusimame, tuombe.