Jini Aliyejua Neno Moja

Katika mji wa Mirijani, zama ambazo majini bado walikuwa wakitii pete, alitawala Sultani Farhani bin Saifu, na kadhi wake alikuwa Haidari, mtu mwadilifu, na mwenye kujivunia uadilifu wake kupita kiasi. Na rushwa ilikuwa imeuchosha mji, hata maskini hapimiwi unga sokoni ila atoe kitu kwanza. Sultani akamkabidhi kadhi pete ya jini Kamtari, akasema, "Mfunge kwa sheria, awalinde raia wangu."

Kadhi akaenda kutaka shauri kwa Waziri Jabiri, na hilo ndilo kosa alilolijutia maisha yake yote. Waziri akamwambia kwa upole, "Ewe kadhi wetu, sheria fupi haina mianya. Tia neno moja tu, rushwa." Basi ikaandikwa kwamba apokeaye rushwa mkono wake uwe jiwe. Jini akainama. "Bwana wangu, mimi hufuata neno. Nikilisikia, simwachi mtu."

Maskini kadhi, akalala usingizi mnono! Kumbe waziri na watu wa forodha, wa soko na wa mahakama walikuwa kitu kimoja, na kulipokucha neno lile likakoma vinywani mwao. Mfanyabiashara akija husema, "Nimekuja kumvisha mzee kilemba," kana kwamba anaposa, na kilemba hicho hupanda ngazi kwa ngazi hadi kwa waziri, na jini, aliyekaa juu ya lango la mji akisikiliza, hasikii ila habari za harusi.

Adnani, mwana wa pekee wa kadhi, alikuwa mpimaji wa unga sokoni, na alikataa kuingia katika shirika lao. Mkewe akaugua, dawa ikakosekana mji mzima, na tajiri mmoja akamletea dawa hiyo ili aupitishe unga uliooza. Adnani akaipokea huku analia. "Mungu anisamehe," akasema, "leo nami nimekula rushwa." Papo hapo mkono ukawa jiwe.

Akamweleza babaye yote, na kadhi akakimbilia barazani, akaanguka miguuni pa Sultani. "Bwana wangu, iongeze sheria! Itaje na kilemba!"

"Subhanallah!" akasema waziri. "Kwa hiyo baba wa maharusi wote wawe mawe?"

Baraza likaangua kicheko, na Sultani, ambaye siku hizo alikuwa akimposa binti wa waziri, akacheka nao.

Hekaya huisha kwa harusi na utajiri, na hii nayo haikuvikosa. Sultani akaoa, kadhi akafungisha nikaha, na waziri akavishwa kilemba cha hariri, mikono yake yote miwili mizima. Kadhi akarudi nyumbani na sahani ya pilau ya harusi, akaketi kumlisha mwanawe tonge kwa tonge, na machozi yakamtoka.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Laiti nisingekufundisha kuiita rushwa kwa jina lake."