Simu Iliyopiga Magoti Barazani

Hapo zamani, zile zamani ambazo simu zilikwisha kuingia majumbani lakini masultani walikuwa hawajatoka, palikuwa na Sultani katika mji wa Mwangazani, jina lake Sultani Hilali. Hakuwa mtu mbaya. Hakunyang'anya shamba la mtu wala hakumdhulumu yatima. Ila alikuwa na desturi moja aliyoirithi kwa marehemu baba yake, nayo ni hii: mtu akipiga magoti barazani akaomba kitu, jibu la kwanza ni "Hapana." Baba yake alikuwa akisema, "Mwenye haja ya kweli atarudi kesho, naye atasikilizwa." Basi mwana akaushika wasia nusu, nusu ya pili akaisahau, ikawa anayerudi kesho hukutana na hapana ileile ya jana, imelala ikaamka. Na neno la barazani lilikuwa halirudi nyuma. Likishatoka kinywani mwa Sultani, hata yeye mwenyewe hawezi kulimeza.

Sultani huyu alikuwa na mjukuu aitwaye Salha, aliyekaa na wazazi wake ng'ambo. Kila alasiri simu huwekwa juu ya mto wa hariri, Sultani akafungua programu ya kuonana, na babu na mjukuu wakategana vitendawili mpaka babu ashindwe na kutoa mji. Alikwisha kutoa miji yote ya himaya yake, na mingine ya jirani.

Siku moja simu ikajisasisha yenyewe. Ikazima, ikawaka, ikaja na sura mpya kama bibi harusi aliyetoka kusingwa. Tangu hapo ile programu haikufaa tena. Sultani alimwona Salha, lakini Salha hakumwona babu yake wala hakumsikia.

"Kitendawili," mtoto huita.

"Tega," Sultani hujibu kwa sauti mpaka njiwa wa darini huruka.

Mtoto hungoja, hungoja, kisha humgeukia mama yake na kusema, "Babu kaninunia."

Basi Sultani akakosa raha, hata halua akawa haitaki. Mafundi wakaitwa. Lakini desturi ya jumba lile ilikuwa fundi husimama mbali, nyuma ya pazia, kwa kuwa fundi ana mikono, na mikono hutamani. Mwombaji ndiye hukaribia kiti, kwa kuwa yeye ana magoti tu. Fundi mmoja alipodiriki kusema, "Seyidi, bonyeza hapo juu," akatimuliwa, maana nani amwamuru Sultani? Akaja Rajihi, fundi wa simu wa sokoni. Akanena toka nyuma ya pazia, "Seyidi, kwa mbali hivi siwezi kujua. Pengine ifutwe yote, ianze upya."

Sultani akasimama. Ndani ya simu ile mlikuwa na sauti ya marehemu mkewe, Bi Nasra, akicheka.

"Umfute mke wangu? Mtieni gerezani, wala asitoke mpaka niseme mimi."

Kisha mpiga mbiu akapita mitaani: anayeweza aje aiponye simu ya Sultani, kwa sharti asiiguse, asifute kitu ndani yake, wala asimwambie Sultani abonyeze nini. Akiweza, ataulizwa haja yake. Akishindwa, atamfuata Rajihi.

Sasa Rajihi alikuwa na dada, jina lake Mwanamvua, maskini asiye na kuku wala kifaranga. Watu walimwita punguani, kwa kuwa alilishika neno kama lilivyosemwa. Jirani alimwachia chungu jikoni, akamwambia asikifunue mtu mpaka arudi. Wali ukaungua moshi ukajaa uani, na Mwanamvua amekaa kando, amekilinda kifuniko.

Mwanamvua akaenda barazani, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Seyidi yangu, namwombea kaka yangu atoke leo."

"Hapana," akasema Sultani.

Wakati uleule simu ikalia juu ya mto, maana alasiri ilikuwa imefika na Salha anapiga. Mwanamvua alitolewa chuoni mapema, lakini herufi alizijua. Akiwa palepale magotini akaona maandishi juu ya kioo: programu inaomba kutumia kamera na kipaza sauti. Chini yake maneno mawili, Ruhusu na Kataa. Kidole gumba cha Sultani kikaenda kwenye Kataa bila ya jicho kukifuata, kama mtu afukuzavyo nzi. Kisha Sultani akaanza kuita, "Salha, Salha," na mtoto hasikii.

Mwanamvua akatoka kimya, akapita kwenye dirisha la gereza.

"Kaka, simu kabla haijabadilika iliomba ruhusa?"

"Iliomba mara moja siku ya kwanza, ilipokuwa bado kwangu sokoni, nikairuhusu mwenyewe. Simu ikijisasisha, programu nyingine huomba upya. Kwani inaomba?"

"Inaomba kila siku. Imepiga magoti kuliko sisi sote."

Rajihi akashika vyuma vya dirisha. "Basi mwambie aruhusu, dada."

"Nikimwambia, nimemwamuru. Nikimwomba, atasema hapana."

"Basi tumekwisha. Uje na mkeka wako, humu sakafu baridi."

Mwanamvua akakaa chini ya dirisha, akafikiri. Mara akaanza kucheka peke yake, na askari wa zamu akamwambia mwenzake, "Punguani yule, ufahamu umemruka."

Kesho yake akarudi barazani, akasema amekuja kuiponya simu. Mawaziri wakashika mbavu kwa kicheko. Waziri mkuu akamwuliza, "Ewe mwanamke, dawa yako iko wapi?"

"Iko kinywani mwa Seyidi, bwana. Nangoja simu ilie."

Alasiri ikafika, simu ikalia, na yale maneno mawili yakatokea kiooni. Kidole cha Sultani kikainuka. Mwanamvua akapiga magoti upesi.

"Seyidi yangu, nina ombi. Naomba uendelee kuikatalia simu hiyo kila iombacho."

"Hapana," akasema Sultani.

Kidole cha Sultani kikabaki hewani. Akaitazama simu, akamtazama Mwanamvua, kisha akamgeukia kadhi.

"Kadhi, nimesema nini?"

Kadhi akakohoa. "Seyidi, umesema hapana. Hutaendelea kuikatalia. Na neno la barazani halirudi."

Kwa mara ya kwanza Sultani akainama akasoma maandishi ya simu yake. Akayasoma polepole, midomo ikicheza. Kidole kikashuka, kikagusa Ruhusu.

"Babu," sauti ya mtoto ikasema. "Nakuona. Mbona umenenepa? Ulininunia?"

"Hapana, mama," akasema Sultani, na hapana ile ilitoka na machozi. "Hapana hata kidogo. Tega."

Wakategana mpaka babu akatoa mji wa Mwangazani wenyewe, mawaziri wakiwamo. Simu ilipozimwa, Sultani akamgeukia Mwanamvua.

"Hukuigusa, hukufuta, wala hukuniambia nibonyeze nini. Haya, sema haja yako."

Mwanamvua hakuinuka magotini. "Naomba kaka yangu Rajihi akae gerezani mpaka ndevu zimfike kiunoni."

"Hapana," akasema Sultani, nao ulimi ulikuwa umekwisha kutoka kabla ya akili. Kadhi akafunika uso kwa kilemba. Sultani mwenyewe akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka, na funguo za gereza zikapelekwa.

Mwanamvua akaona mambo yamenyooka. Akasema, "Tena, Seyidi, naomba nisipewe zawadi yoyote."

Sultani akafungua kinywa, akakifunga. Akatabasamu taratibu. "Ndiyo," akasema. "Nimekukubalia."

Neno lile halijapata kusikika barazani. Watu walicheka wakashikana mabega, na Mwanamvua akacheka nao, akasema, "Haidhuru. Nimekuwa wa kwanza kukubaliwa." Akaenda zake na kaka yake, mikono mitupu, wakanunua mihogo kwa mkopo wa maneno matamu.

Lakini mji ulikwisha kusikia. Ijumaa iliyofuata baraza likafurika. "Seyidi, tunaomba paa la chuo lizidi kuvuja." "Seyidi, naomba jirani yangu aendelee kulisha ng'ombe wake shambani kwangu." Sultani akijaribu hapana, kimemtoka kitu, akijaribu ndiyo, amemwonea mtu. Ikambidi afanye jambo ambalo hakulifanya tangu kutawazwa: asikilize ombi mpaka mwisho, kisha aulize, kisha ndipo ajibu. Jioni alikuwa hoi. Akaagiza Mwanamvua aitwe, akateremka kitini, akasimama mbele yake.

"Mwanamvua binti Shaali, nina ombi kwako. Nakuomba usije kukaa kwenye kiti kilicho kando yangu kila Ijumaa, na mshahara wake usiupokee."

Mwanamvua akamtazama Sultani kama mtu apimaye kitambaa.

"Hapana, Seyidi," akasema.

Basi hivyo ndivyo nilivyoipokea hadithi hii, nami nimeitua hapa. Atakayeniomba nisiisimulie tena, ajue jibu langu.